Je, ugonjwa wa huzuni unatembea katika ukoo?

Swali hili mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka: "Mama yangu alikuwa hivi, mdogo wake alikuwa hivi, na sasa mimi silali. Je, ni damu yetu?" Wengine hawaulizi kabisa kwa kuogopa jibu. Binti amechumbiwa, na upande wa mume ukisikia kwamba mama yake ana ugonjwa wa mawazo, mazungumzo ya mahari yanaweza kuvunjika. Basi mama anafichwa ndani ya nyumba, majirani wanaambiwa ni malaria, na miezi inapita bila matibabu.

Tunapoandika "ugonjwa wa huzuni" hatusemi huzuni ya msiba, ambayo ni haki ya kila mtu. Tunasema hali ya kuwa na huzuni, au kutopendezwa na jambo lolote, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi mbaya, kukosa hamu ya chakula, kuchoka bila kazi, kujiona hufai, na pengine kutamani kufa. Tanzania vitabu vinauita sonona. Kwa Kinyarwanda ni agahinda gakabije. Wengi wanaofika kituo cha afya hawataji huzuni. Wanataja kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio.

Watafiti walianza na familia

Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Myrna Weissman, alianza kufuatilia familia katika mji wa New Haven. Katika baadhi ya familia mzazi alikuwa amepata ugonjwa huu, katika nyingine hakuna mzazi aliyeugua. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 30, hadi kwa wajukuu. Watoto wa wazazi wagonjwa walionekana kuwa na hatari ya kuugua kama mara tatu zaidi ya wenzao. Kwa hiyo wazee wetu wanaosema kwamba ugonjwa huu hutembea katika koo hawakukosea. Lakini baadhi ya watoto hao hukua bila kuugua, na jambo hilo wazee hawalisemi sana.

Tena familia hairithishani damu peke yake. Watu wa nyumba moja wanagawana njaa moja, ugomvi mmoja na njia moja ya kukimbia vita. Utajuaje kilichotoka katika damu na kilichotoka katika maisha? Watafiti walitumia mapacha. Mapacha wa kufanana kabisa wana damu moja. Mapacha wasiofanana wanalingana kama ndugu wa kawaida tu, ingawa wote wamelelewa pamoja. Kama wale wa kufanana wanaugua wote wawili mara nyingi zaidi kuliko wale wasiofanana, basi damu ina sehemu yake. Utafiti mkubwa wa Sweden uliotolewa mwaka 2006, wa mapacha zaidi ya jozi 15,000, ulikadiria sehemu hiyo kuwa asilimia 38.

Asilimia 38 ya nini?

Hapa watu wengi hupotea, hata waliosoma. Haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi 38 katika 100 za kuugua. Maana yake ni hii: ukiangalia kwa nini watu wa nchi ile wanatofautiana, huyu akaugua na yule asiugue, kiasi hicho cha tofauti kinakwenda pamoja na tofauti za damu. Sehemu kubwa zaidi inatokana na maisha ya kila mmoja. Na Sweden ni nchi ya amani. Hatuwezi kuichukua hesabu yake na kuiweka juu ya watu waliotoka Fizi au Ruyigi kwa miguu.

Kuhusu waliokimbia vita kuna kazi iliyofanyika hapa Uganda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani walizungumza na wakimbizi katika makazi ya Nakivale. Walichunguza ugonjwa wa kiwewe, ambao si ndugu wa mbali wa ugonjwa wa huzuni. Mara nyingi mtu anakuwa na yote mawili. Waliona kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za matukio ya kutisha, ndivyo alivyokuwa na hatari kubwa ya kuugua, na mzigo ukizidi sana karibu kila mtu anaugua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba unaugua kwa sababu ukoo wenu ni dhaifu, mjibu kwamba mzigo kama huo unaangusha watu wa koo zote.

Jeni si jini

Ndani ya mwili kuna maelekezo madogo sana tunayopewa na baba na mama, yanayoitwa vinasaba au jeni. (Tafadhali msichanganye jeni na jini. Jeni haitolewi kwa ngoma wala kwa maombi, na haijatumwa na mtu.) Mwaka 2003 utafiti uliofanywa New Zealand ulitangaza kwamba jeni moja inamfanya mtu aangushwe na shida kwa urahisi zaidi. Habari ilienea dunia nzima. Lakini mwaka 2019 watafiti walichunguza upya jeni 18 zilizokuwa zikisifiwa namna hiyo, kwa kutumia taarifa za watu mamia ya maelfu, wakakuta hazina uzito kuliko jeni zilizochukuliwa kwa bahati nasibu.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti mkubwa zaidi kutoka nchi 29, wenye wagonjwa zaidi ya 680,000. Ulipata tofauti 697 katika vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Kila moja inaongeza hatari kidogo mno, na kila mmoja wetu amebeba baadhi yake, pamoja na yule shemeji anayekataa ndoa. Robo tatu ya watu waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo matokeo hayo yanatusaidia kidogo tu sisi Waafrika. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukuambia kama mtoto wako ataugua. Mtu akitaka kukuuzia kipimo cha namna hiyo mjini, tunza fedha yako.

Mzazi akipona

Sasa tunafika kwenye jambo tunalotaka zaidi ulishike. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti wa Marekani uliofuatilia kina mama 151 waliokuwa wakitibiwa ugonjwa wa huzuni, pamoja na watoto wao wa miaka 7 hadi 17. Watafiti hawakuwatibu watoto. Baada ya miezi mitatu, kwa watoto ambao mama zao walipona, magonjwa ya akili na tabia yalipungua kwa asilimia 11. Kwa wale ambao mama zao hawakupona yaliongezeka kwa asilimia 8. Damu ya watoto haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni mama anayeamka asubuhi, anayejibu mtoto akiitwa, asiyelia usiku. Basi anayemficha mama ili kumlinda binti anamwongezea binti hatari.

Matibabu si vidonge tu. Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya vikundi vya mazungumzo katika vijiji vya Masaka na Rakai, kwa njia ambayo Weissman huyo huyo alishiriki kuibuni. Wanawake walikaa peke yao, wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Mwishoni, katika vikundi walibaki wagonjwa kama 7 kwa kila 100. Katika vijiji visivyopata vikundi walibaki kama 55.

Ukienda kituo cha afya, mweleze mhudumu nani katika familia aliwahi kuugua, hata kama alikwisha kufariki. Usiache kutaja ndugu aliyejiua, na ndugu aliyekuwa na vipindi vya furaha iliyopita kiasi, halali siku kadhaa, anasema bila kupumzika na kutawanya fedha. Huo ni ugonjwa mwingine unaofuata damu kwa nguvu zaidi, na dawa ya huzuni ikitolewa peke yake inaweza kuuamsha. Ukipewa vidonge, usiviache katika wiki ya kwanza kwa kuona havifanyi kazi. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kusikia nafuu. Na kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anafikiria kujiua, msingoje siku ya kliniki. Nendeni leo, hata usiku, na mgonjwa asiachwe peke yake njiani wala nyumbani.