Gari Moshi la Makopo Katika Nchi Isiyo na Reli

Rwanda ni nchi ya barabara. Kahawa na chai yake huteremka milimani kwa malori, na mafuta na shehena nyingine zitokazo ng'ambo hupanda milima hiyo kwa malori vile vile. Reli ya kuchukua abiria na mizigo haijapata kuingia katika ardhi ya nchi hiyo mpaka leo. Hata hivyo, askari aliye katika doria huko Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali, asistaajabu akipishana na gari moshi njiani. Mabehewa yake ni makopo ya samaki yaliyounganishwa kwa waya. Magurudumu ni vizibo vya chupa au vipande vya kandambili kuukuu. Dereva wake ni mtoto alivutaye kwa kamba, huku akitoa mlio wa honi kwa kinywa chake mwenyewe.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya ndugu zetu wa majeshi na polisi, kwa sababu wao ndio watu wazima wazipitao njia hizo kwa miguu, na ndio wakutanao na vichezeo vya namna hiyo mara kwa mara. Wengine hutabasamu, wengine huvisukuma kando kwa ncha ya buti. Sisi twaona kwamba kichezeo hicho kina ukoo mkubwa duniani, kina elimu ndani yake, na kinahusiana na kazi ya ulinzi kuliko mtu awezavyo kudhani.

WATU WAZIMA WACHEZAO

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, kujenga reli ndogo si mchezo wa watoto peke yao. Wako wazee wa heshima, na miongoni mwao wanajeshi na polisi waliostaafu, ambao chumba kizima cha nyumba zao kimejaa stesheni, madaraja na mahandaki ya kufanyiza. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1859, ilianza kuuza treni zenye vipimo maalumu vya reli mwaka 1891. Kipimo kipendwacho zaidi siku hizi ni kile cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, askari mwenye kimo cha sentimita 174 hugeuka kuwa mtu wa sentimita 2. Mjini Hamburg yako maonyesho yaitwayo Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, ambamo treni hizo ndogo hupita katika milima na miji iliyojengwa kwa mikono.

Wengi wa watu hao ni wakali wa usahihi. Rangi ya behewa ikikosewa kidogo, au idadi ya madirisha ikipungua moja, hawalali. Lakini miongoni mwao wamo pia wapendao mizaha, ambao hujenga treni zisizopata kuwako katika reli yoyote ya kweli.

Kampuni ya Lionel ya Marekani ilikuwa bingwa wa mizaha hiyo. Mwanzilishi wake, Joshua Lionel Cowen, aliianza mwaka 1900. Behewa lake la kwanza, lililokwenda kwa umeme, alikusudia lizunguke katika dirisha la duka ili kuwavuta wapita njia. Wateja wakaacha bidhaa, wakaomba kuuziwa behewa. Mwaka 1934, wakati kampuni ilipokuwa imeelemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, ilitoa kiberenge kidogo ambacho Mickey Mouse na Minnie walikiendesha kwa kupandisha na kushusha mpini. Bei yake ilikuwa dola moja. Watu walikigombea, na kampuni ikapata pumzi.

Baadaye kampuni hiyo ilitoa behewa lenye twiga aliyechungulia juu ya paa, akainamisha shingo kila alipokaribia kizuizi, kisha akaiinua tena. Lilikuwako behewa lenye madirisha ambamo samaki walionekana wakiogelea, kumbe ni picha zilizochorwa katika utepe uliozungushwa na mota. Mwaka 1957 ilitoa treni ya rangi ya waridi kwa ajili ya wasichana. Wasichana hawakuitaka, kwa kuwa wao pia walipenda treni ifanane na treni, nayo ikadoda madukani.

Ndugu zetu polisi watacheka wakisikia habari ya kichezeo kimoja cha miaka ya 1960. Kilikuwa na polisi wa reli na mzururaji asafiriye bila tiketi. Kila treni ilipopita chini ya daraja dogo, wawili hao walibadilishana nafasi, mmoja akiwa juu ya behewa na mwenziwe darajani. Treni ilizunguka kutwa nzima, wala polisi hakumkamata mtu wake.

Wanajeshi nao hawakusahauliwa. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, mabehewa ya Lionel yalianza kubeba roketi zilizoruka kweli kwa nguvu ya springi. Likatokea na behewa la shabaha: roketi ilipogonga ubavu wake, lilifumuka vipande vipande, kisha mtoto alilipanga upya na kulipiga tena. Mzaha huo ulikuwa na hofu ya zama zake ndani yake, maana wazazi wa watoto hao waliishi wakiogopa makombora ya kweli.

Uingereza nayo ilikuwa na Rowland Emett, mchoraji wa katuni katika gazeti la Punch, aliyezoea kuchora treni kongwe zenye mabomba marefu na viraka. Mwaka 1951, nchi yake ikiwa bado inagawiwa nyama na sukari kwa kadi kwa sababu ya vita vilivyopita, michoro hiyo iligeuzwa kuwa reli ndogo ya kweli katika bustani za Battersea, London. Watu waliochoka kwa dhiki walipanga foleni wapande injini iliyoonekana kama itakatika katikati.

TRENI YA KARATASI

Katika habari hizi zote, moja yatufaa zaidi. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa vichezeo vya chuma, kwa kuwa chuma kilihitajika vitani. Lionel ikaacha treni, ikatengeneza dira na vyombo vingine vya jeshi la wanamaji. Lakini Krismasi ya mwaka 1943 ilipokaribia, kampuni hiyo tajiri haikutaka watoto wakae bure. Ikauza treni ya karatasi ngumu, yenye vipande vingi vya kukunja na kuchomeka, isiyo na mota wala umeme. Kuipanga kulikuwa kazi ngumu iliyowatoa jasho hata akina baba.

Basi hapo ndipo Marekani ilipokutana na Kagugu. Kwa mwaka mmoja au miwili, kampuni kubwa ya vichezeo iliishi katika uhaba ambao mtoto wa kilimani huishi nao siku zote. Tena twaweza kusema bila upendeleo kwamba treni ya makopo ni bora kuliko ile ya karatasi, maana yavumilia mvua.

ELIMU YA KILIMANI

Sasa tuangalie mtoto huyo ajifunza nini. Akivuta makopo manne katika kilima cha Kagugu, kwanza kamba hukaza, kisha behewa la mwisho hupinduka kwenye kona. Hupunguza mzigo, hurefusha waya wa kuunganishia, hutafuta njia izungukayo kilima badala ya ile ikipandayo wima. Hajui kwamba hayo ndiyo mahesabu ya mainjinia wa reli, ambao hupenda njia isipande zaidi ya mita moja au mbili katika kila mita mia.

Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ilipambana na tatizo lilo hilo. Ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kijabe, wajenzi walilazimika kwanza kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipochongwa ubavuni mwa mlima. Wajerumani nao, baada ya kuifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914, walikuwa na mpango wa tawi litokalo Tabora kuelekea Rwanda. Vita vya Kwanza vya Dunia vikauzika mpango huo. Ndiyo maana shehena ya Rwanda iliyosafiri kwa reli kutoka Dar es Salaam ilizoea kuishia bandari ya nchi kavu ya Isaka, mkoani Shinyanga, na kuanzia hapo kupakiwa katika malori hadi mpakani Rusumo na kuendelea Kigali. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Siku reli hiyo itakapoingia Rwanda, itahitaji madereva, mafundi na walinzi. Wengine wao hivi leo wana umri wa kuvuta makopo.

Askari asidhani kwamba kucheza na vitu vidogo ni upuuzi. Yeye mwenyewe, kabla ya kwenda mapambanoni, husimama mbele ya meza ya mchanga, ambapo kijiti ni daraja na jiwe ni kilima cha adui. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliwapelekea wakuu wake mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya ramani, nao wakaufanya somo la maofisa. Mtoto wa Kagugu ana meza yake ya mchanga, nayo ni njia ya vumbi mbele ya nyumba yao.

WAJIBU WA ASKARI

Yako mambo matatu ambayo twawaomba ndugu zetu wayazingatie.

La kwanza ni usalama. Mtoto avutaye treni hutazama mabehewa yake, hatazami pikipiki ishukayo kilimani. Askari akimwona barabarani amwondoe yeye pamoja na treni yake, ampeleke mahali pasipo magari. Akiiponda treni na kumfukuza mtoto, kesho mtoto atarudi na nyingine, ila atakuwa amejifunza kumkimbia polisi.

La pili ni waya. Ni haki ya polisi kuuliza waya umetoka wapi, kwani wizi wa nyaya za umeme na simu ni hasara kubwa kwa taifa. Lakini kipande kilichookotwa penye ujenzi si sawa na waya uliokatwa nguzoni. Aulize kwa upole, na amweleze mtoto kwamba waya ulioanguka kutoka nguzoni haushikwi hata kama hautoi cheche.

La tatu ndilo kubwa. Katika nchi jirani zenye reli, walinzi wanamjua vizuri mtu ang'oaye vifungo vya mataruma usiku na kuviuza kama chuma chakavu. Kwa kilo chache za chuma, mtu huyo aweza kuangusha treni nzima yenye abiria. Bunduki ya mlinzi mmoja haiwezi kulinda mamia ya kilomita. Kinachozilinda ni wananchi waishio kando ya reli, wakiwa wanaiona kuwa ni mali yao na wako tayari kumtaja mwizi. Mtu aliyejua tangu utotoni, kwa vidole vyake, jinsi behewa linavyopinduka kwa sababu ya waya mmoja uliolegea, hahitaji hotuba ndefu ili aelewe thamani ya kifungo kimoja cha taruma.

Kwa hiyo askari akutanaye na gari moshi la makopo huko Kagugu alipishe lipite. Na akiwa na nafasi, amwulize dereva linakwenda wapi na limebeba nini. Kazi ya kuilinda reli ya Rwanda yaweza kuanza kwa maswali hayo, kabla taruma la kwanza halijatandikwa.