Mwali Usioiona Sumu Yenyewe

Kila pombe ya sumu inapoua watu, kama ilivyoua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui na Makueni, nchini Kenya, Mei 2014, utasikia habari za "mashine inayotambua sumu". Mashine hiyo haijui sumu ni nini. Inachoma na kuhesabu, basi.

Damu kidogo hutiwa kwenye kichupa kilichozibwa na kupashwa moto, kisha mvuke wake husukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba wa mita nyingi. Kwa kawaida methanoli hutangulia kutoka, ethanoli ikifuata. Jina la kitu hujulikana kwa muda wake wa kufika. Mwishoni mwa mrija kuna kitambuzi chenye mwali wa haidrojeni ambao jicho halioni. Ukitaka kujua kama umewaka, weka spana inayong'aa juu ya tundu la kitambuzi uone kama itashika ukungu. Kaboni ikiungua humo, katika atomi laki kadhaa ni moja hivi tu inayozaa ayoni, na umeme wake ni mdogo mno, lakini unapimika. Maji hayahesabiwi, ndiyo maana maji ya damu hayausumbui mwali.

Sasa tazama kichekesho. Ini hugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, halafu asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu neva za macho. Kaboni yake imeshashikwa na oksijeni kiasi kwamba haitoi ayoni za maana, kwa hiyo mwali hauioni. Mgonjwa akichelewa kutolewa damu, karatasi itaonyesha methanoli kidogo huku muuaji akiendelea na kazi.

Ndiyo maana sielewi kwa nini hospitali kubwa za Embu na Meru zitegemee majibu ya Nairobi. Kitambuzi hiki cha mwali kilitangazwa 1958, na watafiti wa Australia na wa Pretoria, Afrika Kusini, karibu wakati mmoja. Si anasa. Tatizo letu ni kununua mashine kwa shangwe na kusahau gesi: mtungi wa haidrojeni ukiisha, bajeti haina wa pili, mashine inafunikwa kitambaa.

Kwingineko mashine hii hupima mafuta ya makadamia, petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, pombe kwenye damu ya dereva, sanitaiza, mivuke ya rangi. Dawa za wadudu zenye klorini zina kitambuzi chao, cha kunasa elektroni, kazi ya Mwingereza James Lovelock.