Mto Mekong kwa Uzi na Sindano

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na jina lile limeandikwa lisomwe na mtu mwingine: jirani, wifi, mke mwenza, mume aliyechelewa kurudi. Aliyejifunga kanga halioni. Liko nyuma yake. Tukianzia hapo tutaelewa upesi jambo ambalo wengi hulikosea kuhusu vitambaa vinavyoshonwa na wakimbizi makambini. Husemwa kwamba ni kazi ya kutuliza mawazo, kitu cha kuwashughulisha akina mama huku wakisubiri majina yao yaitwe. Kutuliza kunatuliza, sikatai. Lakini kitambaa cha mkimbizi ni kwanza maelezo yanayomtafuta mtu ambaye hakuwepo, na uzito wake unatokana na kuwa hakikutoka kwenye mkono mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Wahmong, watu wa milimani katika China, Vietnam, Laos na Thailand. Kwa vizazi vingi wanawake wao wameshona paj ntaub, hutamkwa karibu na "pa ndau", maana yake nguo ya maua. Katika mtindo mmoja maarufu, vitambaa viwili hulazwa, kimoja juu ya kingine. Cha juu hukatwa kwa mkasi mdogo, kingo zake zikakunjwa kwa ndani kwa ncha ya sindano na kushonwa kwa mishono isiyoonekana, hadi rangi ya kitambaa cha chini ichungulie kama njia nyembamba inayozunguka. Ndipo hutokea nakshi wanazoziita konokono au unyayo wa tembo. Nakshi hizo zilipamba sketi, kola na mbeleko za kubebea watoto. Hazikuwa na picha ya mtu wala nyumba. Aliyezaliwa kwao alizielewa, na mgeni hakuhesabiwa.

Kisha ikaja vita. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwaandikisha Wahmong wapigane kwa siri nchini Laos chini ya Jenerali Vang Pao, na kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani zilidondosha katika nchi hiyo zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Wakomunisti walipotwaa madaraka mwaka 1975, maelfu ya Wahmong walikimbia kuelekea Thailand, na kati yao na usalama kulikuwa na mto Mekong. Kambi kubwa iliyowapokea ilikuwa Ban Vinai, katika mkoa wa Loei. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na watu zaidi ya 40,000. Katika kambi za Thailand ndipo paj ntaub ilipoanza kuwa na watu ndani yake. Wanaume wengi, ambao zamani sindano haikuwa yao, walichora, na wanawake wakashona. Kijiji na mahindi yake, ndege angani, moshi, mstari wa watu wenye mizigo mgongoni, halafu mto. Mto mara nyingi hukata kitambaa kama mkanda wa buluu, na ndani yake wamo watu wanaoelea juu ya mianzi na mipira ya matairi, askari wakiwalenga bunduki kutoka ukingoni. Ng'ambo kuna kambi. Wakati mwingine kuna basi, na pembeni kabisa, ndege ya kwenda Marekani. Pindo limezungushiwa pembetatu ambazo wengi huzieleza kuwa ni milima.

Kwa nini mabadiliko haya yatokee kambini na si kijijini? Kijijini kila mtu alikuwa anajua. Kambini walikuwapo maofisa wa uhamiaji, wauguzi, wamisionari na wafanyakazi wa mashirika, na hakuna hata mmoja aliyesoma konokono. Pia kulikuwa na muda mwingi na mashamba hakuna. Watu waliotoka vijiji mbalimbali walijikuta kwenye safu moja ya vibanda, na kushona ni kazi ya kukaa: mikono ina shughuli, macho yameinama, mdomo uko huru. Mchoraji akiweka daraja mahali pasipokuwa na daraja, aliyepita njia hiyo atasema. Wapalestina waliotawanywa mwaka 1948 wanaonyesha jambo lilelile kwa namna nyingine. Kabla ya hapo, darizi ya gauni ilitosha kumtambulisha mwanamke na eneo alikotoka. Makambini nakshi za maeneo zikakaa pamoja na kuazimana, na gauni la kijiji likawa gauni la taifa. Wakati wa Intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya ukaliaji wa Israel ulioanza mwaka 1987, kupeperusha bendera kulipokuwa marufuku katika maeneo yaliyokaliwa, wanawake walizidarizi rangi zake kifuani. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza darizi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hakuna aliyekaa peke yake akabuni hayo yote.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la soko. Vitambaa vya Ban Vinai, watasema, vilishonwa viuzwe. Rangi kali za asili zilipunguzwa, wakaingiza buluu ya bahari na kahawia ili vioane na sebule za Wamarekani, na vingi vikatiwa maelezo ya Kiingereza, mengine yenye makosa ya tahajia, kwa nyuzi hizohizo. Je, huo si utamaduni uliogeuzwa bidhaa? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ingekuwapo hadithi ya picha iliyokuwa safi kwanza, kisha soko likaiharibu. Haikuwapo. Mnunuzi alikuwa sehemu ya kuzaliwa kwake, kwa sababu ndiye asiyejua. Na sisi, ambao kanga zetu zimeuzwa dukani tangu zianze kuwa kanga, tunajua kwamba bei haijawahi kulizuia jina kumfikia aliyekusudiwa. Mtu anayeona aibu kwamba mkimbizi aliuza kumbukumbu yake ajiulize mkimbizi huyo alikuwa na kitu gani kingine cha kuuza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sehemu yake naikubali. Vitambaa hivi vinafanana mno. Michoro ilizunguka, watu wakanakili, mpaka mto wa huyu ukawa mto wa yule. Basi tunawezaje kuuita ushahidi? Tusiuite ushahidi wa mahakamani. Mengine hata hayaingii. Walionusurika wamesimulia mara nyingi kwamba watoto wachanga walipewa afyuni wasilie wakati wa kuvuka usiku, na kwamba baadhi yao hawakuamka tena. Kwenye kitambaa ni vigumu kulitambua hilo: mtoto yuko mgongoni kwa mamaye, kafungwa kwa mbeleko, basi. Lakini kufanana peke yake si uongo. Jamii ikikubaliana kwamba haya ndiyo yaliyotupata sote, imefanya kazi ambayo faili la mtu mmoja ofisini haliwezi kuifanya. Mwaka 1996 mwanaanthropolojia wa Kihmong, Dia Cha, alichapisha kitabu cha watoto, Dia's Story Cloth, kinachofuata picha za kitambaa kilichoshonwa na jamaa zake, Chue na Nhia Thao Cha. Safari yake mwenyewe aliweza kuisimulia kwa kitambaa ambacho hakukishona yeye.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kumpa mkimbizi uzi na kumwambia "tusimulie" ni kutonesha kidonda. Hofu hiyo ni ya haki pale anayeendesha mradi anapokuja na mada mfukoni. Katika makazi ya Bidi Bidi, kaskazini mwa Uganda, yaliyofunguliwa mwaka 2016, wanawake wa Sudan Kusini hushona milaya, mashuka ya kudarizi yanayopamba nyumba na kuingia katika mambo ya ndoa. Wengine walikimbia wakiwa wamefunga mizigo yao kwa milaya hizo. Ukizitazama utaona maua na ndege, rangi zinazowaka kwenye kitambaa cheupe, bunduki usiitafute. Mgeni aliyekuja kutafuta vita anaweza kusema hakuna hadithi hapa. Hadithi ipo, ila ni ya nyumba ilivyokuwa kabla, na mwenyewe ndiye aliyechagua kuisimulia hiyo. Hapo ndipo kipimo changu kilipo: wa Ban Vinai walichagua mto, wa Bidi Bidi wamechagua maua, na mradi mzuri ni ule usioingilia uchaguzi huo.

Linabaki suala la malipo, ambalo halihitaji falsafa. Kitambaa chenye watu mia huchukua miezi, na anayeshona akilipwa kwa kipande, saa zake haziingii kwenye hesabu. Tangu mwaka 2018 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lina mpango uitwao MADE51 wa kuunganisha mafundi wakimbizi na masoko. Mipango ya namna hiyo tuipime kwa fedha inayofika mkononi mwa mshonaji, na kwa jambo jingine dogo: jina. Ban Vinai ilifungwa mwaka 1992. Vitambaa vyake vimetundikwa kwenye nyumba na makumbusho Marekani, na vingi vinajulikana kwa jina la kabila au la kambi tu. Ukiletewa kitambaa cha mkimbizi ukinunue, kigeuze uone mishono ya nyuma, kisha muulize muuzaji nani alichora na nani alishona. Akijibu, andika majina hayo nyuma ya kitambaa kwa wino usiofutika.