Kupamba Kifaa cha Kusaidia Kusikia

Tangu kale sikio la mwanadamu limekuwa mahali pa pambo. Wanawake wa mwambao walitoga ndewe wakavaa majasi. Wamasai huzipanua ndewe zao na kuzitundika shanga. Lakini kifaa cha kusaidia kusikia kilipofika sikioni, kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa aibu ipasayo kufichwa.

Ustadi mwingi ulitumika katika ufichaji huo. Mwaka 1819 kampuni ya F. C. Rein ya London ilimtengenezea Mfalme John VI wa Ureno kiti cha enzi ambacho mikono yake ilichongwa mfano wa simba walioachama. Aliyekuja kusema na mfalme alipiga magoti na kunena kinywani mwa simba, na sauti ikapita katika mrija hadi sikioni mwa mfalme. Baadaye, katika karne hiyohiyo, pembe za kusikilizia zilifichwa ndani ya vipepeo na kofia. Na waliofiwa walizifunika kwa kitambaa cheusi zipate kulingana na mavazi ya matanga. Hapo maficho na pambo vilikaribiana sana.

Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilianza kutumika katika vifaa hivi mwishoni mwa 1952, navyo vikapungua hata kuweza kukaa nyuma ya sikio. Watengenezaji wakavipa rangi waliyoiita ya ngozi. Ngozi ya nani? Ilikuwa ya Mzungu. Sikioni mwa kijana wa Kiafrika rangi hiyo yaonekana toka mbali, wala haifichi kitu. Siku hizi vipo pia vya kahawia na vyeusi, na vilevile vya rangi zenye kung'aa. Mwaka 2005 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilifanya maonyesho ya vifaa vilivyobuniwa ili vionekane, kama miwani ambayo mtu huichagua kwa kupendeza kwake.

Jambo hili si la urembo mtupu. Mwanafunzi anayeona haya hukivua kifaa chake aingiapo darasani. Kwa watu wengi wenye upungufu wa kusikia, sauti nyembamba kama za s, f na sh ndizo zinazopotea kwanza. Basi “fika” na “shika” yaweza kumfikia kama neno moja, na mwalimu akamdhania mzito wa akili. Kijana aliyejichagulia rangi mwenyewe aghalabu hana sababu ya kukificha.

Hata hivyo, upambaji wapasa kufuata jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Sauti huingia kwa tundu dogo la mikrofoni, hugeuzwa kuwa umeme, hukuzwa, kisha hugeuzwa tena kuwa sauti na kupelekwa sikioni. Karatasi ya kubandika ikiziba tundu hilo, mvaaji atabaki na pambo lisilosikia. Betri nyingi za vifaa hivi ni za zinki na hewa: hupata umeme zinki inapoungana na oksijeni iingiayo kwa vitundu vidogo. Kwa hiyo mlango wa betri nao hauna budi kuachiwa hewa. Rangi ya kucha, ambayo vijana huikimbilia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ina vimumunyisho viwezavyo kulainisha plastiki. Afadhali karatasi za kubandika, ambazo huondolewa bila kuacha dhara, au uzi wa rangi uliozungushwa kwenye mrija bila kuubana.

Sehemu iliyo salama kuliko zote kwa rangi ni kile kiziba kinachofinyangwa kwa umbo la sikio la mvaaji. Rangi huchanganywa ndani yake wakati wa kukitengeneza, hivyo haibanduki. Kisikwanguliwe wala kupunguzwa nyumbani: kikilegea, sauti huvuja, hurudi kwenye mikrofoni na kukuzwa tena na tena, na kifaa huanza kupiga mluzi. Kwa watoto wadogo shanga hazifai, maana huanguka na kumezwa. Betri yenyewe ni ya hatari zaidi ikimezwa, na mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Mwalimu atakayewasaidia wanafunzi katika kazi hii ataona alama mbili ndogo, nyekundu kwa sikio la kulia na buluu kwa la kushoto. Hizo ziachwe wazi, kwa sababu vifaa viwili vya mtu mmoja huweza kurekebishwa kwa viwango tofauti, na vikibadilishana masikio havitamfaa.