Dawa Inayotoka Polepole Mwilini mwa Ng'ombe

Ninyi wakulima wa Thika na Ruiru mnaofuga ng'ombe wa gredi mnaijua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe uitwao pia ECF. Kinga yake ilitengenezwa Muguga, Kiambu, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai vya ndigana, na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ili kuvizuia visimwue, huku mwili ukijifunza kupigana navyo.

Dawa ya kawaida hutoka mwilini upesi, kwa hiyo hapo kwanza ilibidi kumdunga ng'ombe siku kadhaa mfululizo. Siku hizi hutumika oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Hiyo huganda ndani ya nyama na kuyeyuka polepole, na sindano moja hutosha siku tatu au zaidi. Ni kama sukari guru ndani ya kikombe: ikisagwa huyeyuka mara moja, lakini bonge hukawia.

Wataalamu wamepata njia nyingine ya kuongoza mwendo wa dawa. Huichanganya ndani ya vichembe vidogo sana vya polima inayooza. Baadhi ya polima hizi hutengenezwa kwa asidi ya aina ile ile inayochachusha maziwa. Maji ya mwili huzivunja kidogo kidogo, na dawa hutoka. Kichembe kidogo huitoa dawa upesi, kikubwa hukawia, kama vijiti na gogo jikoni. Kuzidisha asidi hiyo ya maziwa katika mchanganyiko pia huchelewesha. Tangu mwaka 1989 wagonjwa wa saratani ya tezi dume huko Marekani hudungwa dawa ya namna hii mara moja tu kwa mwezi.

Basi, mkulima afanye nini?

Kwanza, mpime ng'ombe kwa utepe wa kifua, usikisie. Daktari wa mifugo hutoa mililita 10 za dawa ya asilimia 20 kwa kila kilo 100. Ukimwambia kilo 70 na ndama ni wa kilo 100, atapewa mililita 7, na vijidudu vinaweza kuishinda dawa.

Pili, endelea kuwaosha ng'ombe dawa ya kupe. Kinga hii haizuii maradhi mengine yaletwayo na kupe.

Tatu, angalia maziwa. Dawa hii hutumika pia kutibu maradhi mengine ya ng'ombe wanaokamuliwa. Ng'ombe akionekana amepona, dawa ingali inatoka, nayo huingia katika maziwa. Maziwa hayo hayagandi vizuri kuwa mala, wala hayafai kwa watoto wako. Soma siku zilizoandikwa kwenye chupa, au muulize daktari, uziandike ukutani pa zizi. Usiuze hata kikombe kimoja kabla hazijaisha.

Dawa ikaayo muda mrefu hukupunguzia sindano, lakini hukuongezea siku za kungoja.