Mpeleke mwanao akapige picha ya mlima, utajua kama anaona mbali

Msomaji wangu, kama unaishi Karatu, jaribu jambo hili Jumamosi ijayo. Chukua watoto wanne au watano wa mtaani kwako, wakiwamo wa kwako. Panda nao sehemu yoyote iliyo wazi ambapo mlima Oldeani unaonekana, wape simu mbili, kisha waambie wapige picha ya mlima huo. Usiwafundishe chochote kwanza. Wewe waangalie wao, mlima uache.

Mmoja atapiga haraka haraka na kutaka kurudi nyumbani. Mwingine atapiga vidole vyake mwenyewe. Inawezekana pia yupo atakayefinya macho, ainamishe kichwa upande, asogeze simu karibu na uso, halafu aulize, "Mlima uko wapi?" wakati wenzake wanahesabu mabonde yake.

Makala ya leo ni ya huyo. Darasani huenda anaitwa mzito. Ananakili ubaoni nusu nusu, anachungulia daftari la jirani na kuadhibiwa kwa kuchungulia. Nyumbani anakaa pua na televisheni, mnamfukuza arudi nyuma. Yeye halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine. Anadhani dunia ya mbali ni ukungu kwa kila mtu.

Tatizo hilo ni kutoona mbali. Mara nyingi mboni ya jicho imerefuka kupita kiasi, picha ya kitu cha mbali ikaangukia mbele ya retina badala ya juu yake, ndiyo maana inaonekana imefifia. Huanza zaidi katika umri wa kwenda shule na huendelea kuongezeka mtoto anapokua. Likizidi sana, linaongeza hatari ya retina kubanduka na ya presha ya macho ukubwani. Katika baadhi ya miji ya Asia ya Mashariki, vijana wapatao 8 kati ya 10 wanamaliza sekondari wakiwa nalo. Kwetu bado ni wachache kuliko huko, lakini angalia maisha ya mtoto wa mjini sasa: shule, tuisheni, simu, kulala. Jua analiona akiwa njiani tu.

Sasa kuna habari njema, na si ya dawa. Huko Guangzhou, China, watafiti walichukua shule za msingi 12. Nusu yake wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza kipindi cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya shule, nusu nyingine wakaziacha zilivyo. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo hili katika shule zilizoongezewa muda walikuwa asilimia 30.4, na katika zile nyingine asilimia 39.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Taiwan nayo tangu 2010 imekuwa ikihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku.

Kwa nini nje? Wengi hudhani ni kwa sababu jicho linatazama mbali. Huenda hilo nalo lina mchango, ila maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga wenyewe. Darasani mwanga huwa kama luksi 300 hadi 500. Nje, hata siku ya mawingu, hufika maelfu. Inaaminika mwanga huo mwingi huifanya retina itoe kemikali ya dopamini, nayo hupunguza kasi ya mboni kurefuka. Mtoto akikaa chini ya mti kivulini bado anapata mwanga mwingi kuliko aliyeko sebuleni. Hivyo huna haja ya kumuanika.

Utaniuliza, picha zinaingiaje? Mtoto wa miaka 6 ukimwambia nenda nje, anakwenda. Wa miaka 12 anakuuliza akafanye nini. Mwenye kipaji cha mpira ana jibu, asiye nacho anarudi ndani. Na mabinti wengi wakishafika umri huo tunawarudisha jikoni, tuseme ukweli. Kupiga picha za mandhari kunampa mtoto sababu ya kukaa nje saa nzima akisubiri wingu lisogee. Ni kazi inayohitaji subira kuliko mbio, na mtoto mgonjwagonjwa anaiweza.

Najua kuna kichekesho hapa. Namshauri mzazi amtoe mtoto kwenye simu, kisha namkabidhi simu. Ndiyo maana kikundi kinakuwa kidogo na masharti yanakuwa makali. Watoto wasizidi sita kwa mtu mzima mmoja. Simu moja kwa watoto wawili, na intaneti imezimwa. Kila mmoja anapewa picha tatu tu kwa siku hiyo, basi. Mwenye picha tatu hapigi hovyo. Anazunguka, anachuchumaa, anatafuta jiwe au mti wa kuweka mbele ili mlima uonekane uko mbali, anamsubiri ng'ombe apite. Mwenzake asiye na simu anatazama kwa macho na kumshauri. Kuangalia picha ni nyumbani, jioni, wote pamoja.

Safari moja kwa wiki haitoshi, nisikudanganye. Wale watoto wa Guangzhou walitoka kila siku ya shule. Siku nyingine mpe kazi ya uani: apige kivuli cha mgomba asubuhi na jioni, au mawingu yanayotoka upande wa Ngorongoro.

Kuhusu saa, hapa mpiga picha na mtu wa afya wanakubaliana bila kushauriana. Picha nzuri ya mandhari hupatikana kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, jua likiwa chini na vivuli virefu. Saa 6 mchana milima huonekana bapa kama ukuta. Saa hizo hizo za mchana ndizo mionzi ya jua inayounguza ngozi na macho huwa mikali. Karatu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi ya kwetu hudanganya. Unavaa sweta huku unaungua.

Kila mtoto ajue sharti hili kabla hajashika simu: jua lenyewe halitazamwi. Kulipiga kupitia kioo cha simu si hatari kubwa kwa jicho, hatari ni kwamba mtoto hutupia macho pembeni ya simu kulitafuta. Darubini na zile kamera kubwa za kuchungulia kwenye tundu zisielekezwe kwenye jua kabisa. Jeraha la retina la namna hiyo haliumi, na wakati mwingine halirudi. Mnakumbuka Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na watu wakajaa Rujewa kulitazama kwa miwani maalumu? Miwani ile haikuwa mapambo.

Majira yetu kila moja lina lake. Juni na Julai asubuhi ni ukungu na baridi, picha zake ni nzuri kuliko zote kwa maoni yangu. Lakini hewa baridi humwamsha pumu aliyelala. Mwenye pumu ajifunge skafu puani, na inhela yake ya bluu iwe mfukoni mwa mtu mzima aliyepo, isiachwe nyumbani kabatini. Jambo jingine: alfajiri na magharibi pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro ni saa za nyati na tembo. Wakazi wa huko hawahitaji kuambiwa na mimi. Wageni wanahitaji. Pigeni picha zenu kwenye mashamba ya wazi, mbali na msitu.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba ni vumbi. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo macho ya watoto wengi yanapoharibiwa na sisi wazazi wenyewe, kwa nia njema. Vumbi likipanda, watoto wenye mzio huanza kuwashwa macho. Yanakuwa mekundu, yanatoa machozi na ute unaovutika kama uzi, na mtoto anayasugua kutwa. Kusugua huko kwa miaka kunaweza kudhoofisha konea hadi ikachongoka na kupinda uoni. Mzazi anakwenda duka la dawa, anaeleza, anapewa kichupa cha matone. Siku mbili macho meupe. Msimu ujao anarudi kununua kile kile bila kumwona daktari, na jirani naye anaazima.

Vingi kati ya vichupa hivyo vina dawa za kundi la steroidi, mara nyingi zimechanganywa na antibaiotiki. Soma maandishi madogo: ukiona jina linaloanza na dexa-, betametha- au predni-, ni hizo. Daktari wa macho huzitumia, na zina kazi yake, kwa muda maalumu huku akipima presha ya jicho. Zikitumika miezi na miezi bila kipimo, zinaweza kupandisha presha hiyo kimya kimya na kuua mshipa wa fahamu wa jicho, au kuleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye bado anavaa sare ya shule. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Kwa hiyo msimu wa vumbi, mtoto anayewashwa avae kofia yenye ukingo, anawe uso kwa maji safi akirudi, akandwe macho kwa kitambaa chenye maji ya baridi, na apelekwe kupimwa. Maziwa ya mama, maji ya majani na dawa ya jirani visiwekwe jichoni. Na kila mtoto atumie kitambaa chake, hasa kwa wenzetu wa wilaya ya Ngorongoro ambako trakoma bado ipo. Ugonjwa huo husambazwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso zenye tongotongo.

Mvua za vuli zikianza Novemba, hewa inasafishwa na mnaweza kuona mbali kuliko wakati wowote. Masika, Machi hadi Mei, mashamba ni kijani, lakini makorongo yanajaa ghafla na radi hupenda aliyesimama juu kileleni. Mkisikia ngurumo, teremkeni, msijifiche chini ya mti. Mkishuka Mto wa Mbu au Mangola kupiga picha za ziwa, kumbukeni kwamba mtoto wa nyanda za juu hana kinga ya malaria kama ya mtoto wa huko. Jioni avae mikono mirefu, alale kwenye chandarua. Homa ikimpata hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kama kikundi chako kina mtoto mwenye ualbino, na nakuomba awemo, atoke zile saa za asubuhi au jioni, akiwa na kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi. KCMC Moshi wanatengeneza mafuta kwa ajili ya watu wenye ualbino, hivyo uliza kliniki ya ngozi au chama chao. Wengi wao pia wana uoni hafifu ambao miwani haiumalizi. Hapo simu inageuka kifaa cha msaada: anapiga picha ya mlima, kisha anaivuta kwa vidole viwili na kuona mti mmoja mmoja ambao macho yake hayakuufikia. Akishajua hivyo, atafanya vivyo hivyo na ubao wa darasani. Zungumza na mwalimu mkuu amruhusu. Sheria ya kutoleta simu shuleni ni nzuri, ila mtoto huyu anaitumia kama mwingine anavyotumia miwani.

Kazi ninayoipenda zaidi ni hii. Chagueni sehemu moja na mrudi hapo kila mwezi mwaka mzima, mpige picha ile ile, mkisimama pale pale. Watoto wanajifunza jinsi ngano inavyobadilisha rangi ya bonde na vumbi linavyoficha milima. Wewe mzazi una kazi ya pili. Chagua kitu cha mbali kisichobadilika, mnara wa simu juu ya kilima kwa mfano, na kila mwezi siku isiyo na ukungu muulize kila mtoto, jicho moja moja huku la pili limefunikwa na kiganja, anaona nini. Aliyeona mnara Februari na Desemba haoni, jicho lake limebadilika. Aliyeona kwa jicho la kulia tu huenda kwa miaka yote jicho la kushoto limekuwa halifanyi kazi na hakuna aliyejua. Hilo likigunduliwa mapema, kabla ya umri wa miaka 7 au 8, lina nafasi kubwa zaidi ya kutibika.

Ukishuku, usisubiri likizo. Nenda kituo cha afya, uliza kama wana chati ya kupima macho, ile ya herufi E zinazogeuka, inayosomwa kutoka mita 6. Wakikuta tatizo, omba rufaa kwa daktari wa macho. Kwa kanda yetu, KCMC wana idara ya macho ya siku nyingi. Akiandikiwa miwani, aivae. Kwamba miwani huharibu macho ni maneno ya mtaani. Jicho lililokwisha kurefuka halifupishwi na matembezi wala karoti, na kumnyima miwani kutamnyima ubao tu. Kutoka nje aendelee nako, kwa ajili yake na kwa wadogo zake ambao macho yao bado.

Siku ya kliniki beba kumbukumbu zako: ni mwezi gani aliuona mnara na mwezi gani hakuuona, na kwa jicho lipi. Beba pia kila kichupa cha matone alichowahi kuwekewa, hata kilichokwisha.