Nundu Kwenye Paji la Uso

Leo twapenda kusema nanyi, akina mama, akina baba, nyanya, na ninyi akina dada mnaotusaidia kulea, juu ya jambo linaloonekana karibu katika kila nyumba: nundu na michubuko ya mtoto anayejifunza kutembea.

Tuanze na kisa cha nyumbani kwetu. Jioni moja tulikuwa na wageni. Mtoto wetu, wakati huo akiwa na miezi 15, alikuwa akicheza barazani na dada aliyetusaidia kazi. Mara tukasikia kishindo, kisha kilio. Mtoto alikuwa amejikwaa kizingitini akaangukia paji la uso, na kufumba na kufumbua nundu ikatokea kama yai. Tukamgeukia yule dada mbele ya wageni, tukamwuliza macho yake yalikuwa wapi, tukaongeza na maneno mengine yasiyomfaa mtu yeyote, sembuse mchungaji. Akainama, akalia. Na mtoto je? Alikuwa amekwisha nyamaza, anafukuza kuku uani!

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijiuliza: Yule dada alikosa nini hasa?

Hebu tumtazame mtoto mwenyewe. Anapozaliwa, kichwa chake huwa karibu robo ya urefu wa mwili wake, hali cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane tu. Basi mtoto wa mwaka mmoja ni kama mtu aliyejitwika mtungi mzito kabla hajajua kusimama sawasawa. Akiyumba kidogo, kichwa hutangulia. Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na Karen Adolph, walitoa hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 waliotazamwa wakicheza. Kwa saa moja, kwa wastani, mtoto alipiga hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Mara 17 kwa saa moja! Ni macho ya nani yawezayo kuzuia yote hayo? Wazee wetu walijua hili bila kuhesabu, wakasema: Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Na nundu je, mbona huvimba upesi hivyo? Ni kwa sababu ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na chini yake kuna mfupa. Damu ikivuja hapo haina pa kwenda ila kuinua ngozi. Kwa hiyo nundu kubwa peke yake si dalili ya hatari kubwa.

Tufanye nini basi? Kwanza tumchukue mtoto, tumtulize. Tuloweshe kitambaa safi katika maji baridi, tukiweke juu ya uvimbe kwa dakika 10 au zaidi kidogo. Tukiwa na barafu, tuifunge kwanza katika kitambaa, isiguse ngozi. Tusilisugue wala kulikanda kwa nguvu, maana kusugua huzidisha kuvuja kwa damu. Tusimpe aspirini, kwa kuwa si dawa ya watoto. Akitaka kulala saa yake ya kulala ikifika, na alale, lakini tumwangalie mara kwa mara kama anapumua vizuri na kama anaamka tukimwamsha.

Lakini ziko dalili ambazo hazingoji asubuhi. Mtoto akizimia hata kwa muda mfupi, akitapika tena na tena, akishikwa na kifafa, akitoka damu au maji maji puani au masikioni, akilegea au kusinzia kuliko kawaida yake, akilia bila kutulizika, au akikataa kutumia mkono au mguu, tumpeleke hospitali mara moja. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja akiumia kichwa, tusikisie, tumpeleke akapimwe. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka mahali pa juu.

Sasa tuseme na neno lililo gumu. Mtoto anayekimbia huumia mbele: magotini, kwenye miundi, kidevuni, kwenye paji la uso. Lakini alama zikiwa masikioni, shingoni, tumboni, mgongoni au matakoni, hizo si rahisi kuletwa na kizingiti. Na mtoto mchanga ambaye hata kutambaa hajaanza, akionekana na alama ya kuvilia damu, ni lazima aonwe na daktari, kwa maana hana miguu ya kumpeleka kwenye kuanguka. Kwa ngozi yetu nyeusi alama hizi hazionekani upesi. Tumtazame mtoto mchana, wakati wa kumwogesha.

Twakiri kwamba tumewahi kuona alama za namna hiyo mgongoni mwa mtoto katika nyumba tuliyoitembelea. Tuliambiwa ameanguka, tukanywa chai, tukaaga. Baada ya siku mbili dhamiri ilitusukuma kurudi pamoja na muuguzi, na tukakuta ya kwamba ni vizuri tulirudi. Angalieni basi makosa yetu mawili: mahali pa kunyamaza tulipiga kelele, na mahali pa kusema tulinyamaza. Hapa Kenya mtu yeyote aweza kupiga simu nambari 116, bila malipo, kumsemea mtoto anayeteswa.

Katika kitabu cha pili cha Samweli yumo mtoto wa miaka mitano, Mefiboshethi mwana wa Yonathani. Habari za msiba zilipofika, yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Yaya yule alikuwa akimwokoa. Kitabu hakisemi neno hata moja la kumlaumu. Miaka mingi baadaye mfalme Daudi alimkaribisha Mefiboshethi kula mezani pake. Kuanguka kwake hakukuwa mwisho wa habari zake.

Asubuhi baada ya jioni ile tulimwita yule dada jikoni, tukamwomba msamaha. Alisema, "Si kitu, Baba," lakini tulijua kuwa ni kitu. Kisha tukachukua nyundo na msumeno, tukakiondoa kizingiti kile kilichokuwa kikitukwaza hata sisi watu wazima. Hiyo ndiyo kazi tuliyopaswa kuifanya tangu mwanzo.

Basi leo, kabla ya kumwuliza mtu macho yake yalikuwa wapi, tupige magoti sakafuni, tuitazame nyumba kwa kimo cha mtoto: pembe ya meza, ngazi isiyo na kizuizi, sufuria ya chai ukingoni. Hayo twaweza kuyaondoa. Yaliyobaki ni ya mtoto kujifunza, nasi tuwe karibu kumwinua.